Maktaba Tabora na Kigoma: nani alikupeleka mara ya kwanza? Tupeane uzoefu

Mwana wa Isevya

Wakuu, mwangaluka.

Jumamosi iliyopita nilikuwa natoka sokoni na binti yangu wa darasa la tatu, tukapita mbele ya maktaba ya mkoa hapa Tabora. Akasimama. Akawatazama watu walioinamia meza, kimya, kila mtu na lake, kisha akaniuliza: "Baba, hapa wanauza nini?" Nikamwambia hawauzi kitu. Akanitazama kama namtania. "Sasa hela wanapata wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka, na tangu siku hiyo lile swali halijanitoka. Mtoto huyu amezaliwa mjini na kukulia mjini. Hospitali anajua kuna dirisha la malipo. Choo cha stendi ni hela. Kuchaji simu kibandani ni hela. Mlango ambao watu wanaingia, wanakaa saa nne, wanatoka na hawajabeba mfuko wowote, kwake ni kiini macho.

Mimi jengo lile limenilea. Nyumbani tulikuwa saba, chumba kimoja cha watoto, koroboi moja, na koroboi yenyewe ni ya mama anayechambua karanga. Ukifungua daftari mdogo wako anakanyaga. Mwaka 1993 nikiwa darasa la sita, mwalimu wetu wa Kiswahili alinijazia fomu, akapiga muhuri wa shule pale pa mdhamini, akasema nenda. Nisiwadanganye, sikufuata vitabu. Nilifuata meza. Meza pana, miguu yake yote minne mizima, na kiti ambacho hakuna atakayekuja kukuambia umpishe mgeni. Vitabu vilinizoea baadaye, taratibu, kama paka wa jirani.

Basi tupeane uzoefu. Nani alikupeleka, ulikuta nini, ilikugharimu nini? Za kusikia sitaki, nataka za kwako. Watu wa Kigoma karibuni pia, najua mko mwisho wa reli lakini mtandao unafika.

Mgebuka Mkavu

Mwakeye. Mkuu, reli inaanzia ziwani. Nyie ndio mnaishi njiani.

Mimi nilipelekwa na jua. Mama alikuwa anauza migebuka na dagaa Kibirizi, pale zinapoondokea boti za vijiji vya kaskazini, na kazi yangu ya likizo ilikuwa kuwapelekea mama ntilie wa mjini ndoo zao. Nikimaliza ni saa saba mchana, barabara inawaka. Siku moja nikaona jengo lina kivuli na madirisha yako wazi, nikaingia nikakaa. Baada ya muda kidogo watu wa meza yangu wakaanza kuhama mmoja mmoja. Mimi sikuelewa, mtu hajisikii harufu yake. Mama wa kaunta akaja, akainama, akaninong'oneza: "Mwanangu, nje kuna bomba, na sabuni hii hapa. Kiti chako nitakutunzia."

Nikajua nimefukuzwa kiungwana. Nikajisugua mpaka viwiko, nikarudi nikitarajia kuambiwa pamejaa. Nikakuta ameweka kitabu kikubwa juu ya kiti ili mtu asikae.

Kilikuwa kitabu cha mashine. Cha Kiingereza, na Kiingereza changu mimi kilikuwa cha kuamkia mwalimu tu. Lakini mchoro hauna lugha. Likizo ile yote nilikuwa nikimaliza ndoo nanawa, nakaa, naangalia injini zilizopasuliwa katikati kama papai, kila kidude na mshale wake.

Miaka kama kumi baadaye niko msaidizi wa fundi, tunaletewa Yamaha ya boti ya abiria. Haikojoi. Wenye injini za boti wananielewa: pembeni kuna katundu kanatoa maji wakati inanguruma, na yale maji yakikata ujue haipozwi, dakika chache tu inajikaanga yenyewe. Fundi mkubwa akafungua juu, akasafisha plagi, akashika kabureta, akatukana. Mimi ule mchoro ukanijia: chini kabisa, jirani na propela, kuna kigurudumu cha mpira chenye mapezi, na hicho ndicho kinachopandisha maji. Nikasema tushuke chini. Tukafungua. Mapezi mawili yameliwa, la tatu limekatika. Kitu chenyewe kinaenea kiganjani. Kuanzia siku ile nikaacha kuitwa "we kijana", nikaitwa fundi.

Umeuliza ilinigharimu nini. Sabuni, na haikuwa yangu.

Bando la Usiku

Samahanini wakuu, ila zama hizi mtu aende maktaba kufuata nini? Kila kitu kiko kwenye simu. Majengo yale wapewe vijana wafungulie ofisi.

Mgebuka Mkavu

Mkuu, jina lako limeshakujibu. Unasoma usiku kwa sababu mchana bando ni ghali.

Bando la Usiku

😂😂 Nimekubali hiyo. Endeleeni.

Reli ya Kati

Wanangu, marahaba kwa wote mtakaosema shikamoo, tusipoteze muda.

Mimi ni mstaafu wa reli na mtoto wa mtu wa reli. Miaka ya 50 baba alikuwa kwenye stesheni ndogo upande wa Kaliua, nyumba tatu, tangi la maji, na pori. Maktaba yetu ilikuja kwa gari moshi. Kulikuwa na East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948, makao yake Nairobi. Wazee walikuwa wanaiita Bureau tu. Hawa walikuwa na masanduku ya vitabu ya kuazimisha, na mtu aliyeko mbali waliweza kumwazima kwa posta. Baba akajiandikisha. Kifurushi kinashushwa pamoja na barua za stesheni, karatasi ya kaki, kamba ya katani. Anasoma zamu ya usiku, ile kati ya treni na treni. Akimaliza kinafungwa kwa karatasi ileile na kamba ileile kinarudi.

Aliyekuwa anafunga ni mama. Alikuwa hajui hata a, lakini hakumruhusu baba kufunga kwa sababu fundo la baba linalegea. Nimemwona mara nyingi anashika kitabu, anakigeuzageuza, anakipuliza vumbi, anakifunga vizuri kama mtoto wa kupeleka kliniki. Hajui ndani kuna nini.

Uhuru ukaja. Mwaka 1963 ikatungwa sheria ya huduma za maktaba Tanganyika, na maktaba kuu ya taifa Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu mwenyewe tarehe 9 Desemba 1967, siku ya uhuru. Nilisoma kwenye gazeti nikiwa kijana, gazeti lenyewe limefika Tabora limechelewa. Sheria ya sasa ya Bodi ya Huduma za Maktaba ni ya 1975. Haya ya sheria mtayasoma wenyewe, narudi kwa mama.

Mwaka 1970 Mwalimu aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Tulikuwa tumehamia karibu na mji. Mama akaingia darasa la jioni chini ya mwembe, na wanawake wenzake, wengine na watoto mgongoni. Wakati huo watu wazima 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Ilipofika 1977 hesabu ya serikali ilisema wamebaki 27. Mtu akikuambia haiwezekani, mwambie mama yangu alikuwa mmoja wa waliojifunza. 1973 ikaja kampeni ya afya, Mtu ni Afya, watu wanakaa vikundi wanasikiliza redio, vijitabu mkononi, wakishamaliza wanatoka kuchimba vyoo. Walishiriki karibu milioni 2. Kile kijitabu mama alikihifadhi ndani ya khanga mpaka kikawa laini kama kitambaa.

Sasa ndipo ninapotaka mnisikilize. Baada ya kile kijitabu, asome nini? Mtu mzima aliyejifunza kusoma akikaa mwaka mzima hana cha kusoma, herufi zinaondoka, nimeona kwa macho, wenzake kadhaa ziliwaondoka. Ndiyo maana kukawekwa maktaba za vijijini, na huko kanda ya Ziwa likawapo gazeti la wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho. Maktaba ya kwetu ilikuwa kabati kwenye shule ya msingi, ufunguo kwa mwalimu. Mama alikuwa anatembea kufuata kabati. Akirudi anakaa kizingitini, anasoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, na baba amekaa kimya anasikiliza kitabu ambacho yeye angekimaliza kwa nusu saa.

Aliendelea kuvifunga kwa kamba kabla ya kurudisha. Mwalimu alimwambia mama, hapa si posta. Hakumsikiliza.

Mwana wa Isevya

Shikamoo mzee. Hapo pa baba kukaa kimya pamenishika.

Binti wa Ujiji

Shikamoo baba Reli. Nafuta machozi halafu nawaletea ya kuchekesha.

Nyumbani kwetu Ujiji baba alikuwa mkali wa zile za kale. Magharibi ikikukuta barabarani una kesi. Kwenda kwa rafiki hapana, mazoezi ya kwaya hapana (sisi Waislamu, nilijaribu tu bahati yangu), masomo ya ziada hapana kwa sababu mwalimu ni kijana. Maktaba akakubali. Alienda kukagua mwenyewe kwanza. Akarudi ameridhika sana: "Hakuna mtu anayeongea mle ndani. Hata kukohoa wanaombana radhi." Baba alidhani ukimya ni ulinzi.

Kwa muda wa kidato cha tatu na cha nne ule ndio mlango pekee niliokuwa natoka bila ya kaka kunisindikiza. Mabinti wa mijini siku hizi hawawezi kunielewa. Saa mbili za mchana hakuna anayenituma maji, hakuna anayeniuliza nafikiria nini. Nilisoma vitabu vya afya ya mwili wangu ambavyo mama asingeweza kunieleza na mimi nisingeweza kumuuliza. Nilisoma ramani. Nilijua Ziwa letu, Tanganyika, lina kina cha zaidi ya mita 1,400, la pili kwa kina duniani, na mimi nimekulia ukingoni mwake nikidhani mwisho wake ni pale milima ya Kongo inapoonekana.

Na ndiyo, kulikuwa na kijana. Hakuniambia neno hata siku moja, sheria ya chumba. Alikuwa anarudisha kitabu, nami nakichukua, ndani kuna karatasi. Nimeolewa naye, tuna watoto watatu. Baba alipojua mwanzo wake alikaa kitako, akasema, "Kumbe mle ndani mlikuwa mnapiga kelele vile."

Mama Kadi

Nimecheka peke yangu huku bandani. Nimefanya kazi ya maktaba miaka 27 katika mikoa mitatu, sasa nimestaafu nafuga kuku Ipuli. Yule mama wa sabuni si mimi, natamani angekuwa mimi. Vile vikaratasi tulikuwa tunaviona, Binti. Sheria yangu ilikuwa moja: kama hakijagundishwa kwa gundi, sijakiona.

Vituo vyangu sitavitaja, wenzangu bado wako kazini.

Chuoni Bagamoyo, chuo cha ukutubi, tulifundishwa kanuni tano za Ranganathan, Mhindi, mtu wa hesabu aliyehamia kwenye vitabu, alizitoa 1931. Kitabu ni cha kutumika. Kila msomaji na kitabu chake. Kila kitabu na msomaji wake. Okoa muda wa msomaji. Maktaba ni kiumbe kinachokua. Nikapangiwa kituo, nikakuta mchwa wanaijua kanuni ya kwanza kuliko mimi. Tukiondoa safu ya chini ya rafu tunakuta majalada yamesimama wima, mazuri kabisa, ukigusa ndani ni udongo.

Mchwa wana dawa. Wembe hauna. Mwanafunzi anaingia na wembe kwenye soksi anakata ukurasa mmoja anaoutaka. Kulikuwa na nakala nne za baiolojia, na zote nne ukurasa wa uzazi haupo. Kama mmoja wa wakataji yuko humu, nimekusamehe, ila uliwakosesha mamia.

Kuna mzee alirudisha kitabu cha ufugaji nyuki baada ya miaka 11. Alikuwa amehamia porini huko Sikonge kwenye mizinga yake. Akaja na baiskeli, kitabu amekifunga kwenye nailoni mbili, na karatasi ameshajipigia hesabu ya faini mwenyewe, siku kwa siku. Ilikuwa hela nyingi kuliko baiskeli. Kitabu kilikuwa na madoa ya asali na pembeni ameandika kwa penseli: "hapa si kweli kwa nyuki wetu". Sehemu tatu hivi. Nikamuuliza kwa nini hakukaa nacho tu. Akasema, "Kuna mwenzangu atakitafuta." Mkuu wangu wa kituo akaangalia ile karatasi ya faini, akaikunja akaiweka mfukoni, akamwambia mzee asante kwa masahihisho. Kile kitabu hatukukifuta penseli. Kilikuwa hakikai kwenye rafu, wafugaji wanapokezana.

Kuhusu hela, binti yako ameuliza swali kubwa, Mwana wa Isevya. Mwambie ameshalipa. Ukinunua sukari, ukinunua sabuni, kuna kodi humo, na kidogo yake kinatakiwa kifike kwenye kile kiti. Lakini nisimfiche: ada ndogo ya uanachama ipo kwenye maktaba zetu. Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma, la kwanza la 1949, lile la 1994 na la karibuni la 2022, linasema kimsingi ziwe bure. Mimi nimesimama pande zote mbili za kaunta ile. Nimenunua balbu na gundi kwa hela ndogondogo, najua kazi yake. Na nimeona mtoto anahesabu sarafu mlangoni, anahesabu tena, halafu anajifanya alikuja kuangalia saa ya ukutani. Mkubwa mtoze ukitaka. Mtoto hapana, hata senti.

Mwalimu Cheyo

Mama Kadi, umegusa kidonda changu.

Mji siutaji, na ile taasisi siitaji. Ilikuwa na chumba cha kusomea na kiingilio chake kilikuwa bei ya andazi. Andazi moja, wakuu, na bado lilitosha kumfungia mtu nje. Mimi na rafiki yangu tulikuwa na hela ya mmoja. Tukagundua mbinu: mmoja anaingia, anakaa dirishani, anaegemeza kitabu kwenye kioo kikitazama nje. Mwingine anasimama nje, mgongo kwenye mwembe. Wa nje akimaliza ukurasa anagonga kioo mara moja, wa ndani anageuza. Kesho tunabadilishana.

Rafiki yangu alikuwa ananishinda kusoma. Zamu yake ya nje alikuwa anagonga mimi sijafika nusu. Mpaka nikawa nageuza tu ili asinione mzembe, naruka mistari. Novemba mvua zikaanza. Zamu zake za nje zikawa na mvua, zangu zikawa na jua, bahati tu. Wiki ya pili akasema atapumzika kidogo, na hakurudi. Ana duka la vipuri vya baiskeli Urambo, maisha yake mazuri, pengine kuliko ya mwalimu. Tukikutana hasemi habari. Ananigonga bega mara moja.

Ndiyo sababu nilipokuwa nasoma historia nilikaa sana kwenye haya mambo ya maktaba za wenzetu. Kuna tajiri wa chuma wa Marekani, Andrew Carnegie. Alihamia huko kutoka Scotland akiwa mtoto maskini, akawa tarishi wa kupeleka simu za maandishi karibu na Pittsburgh. Kulikuwa na Kanali James Anderson, alikuwa na vitabu kama 400 nyumbani kwake, kila Jumamosi anafungua mlango vijana wafanyakazi waazime. Baadaye utaratibu ukawekwa kwamba bure ni kwa wanaojifunza ufundi tu, wengine dola 2 kwa mwaka. Kijana Carnegie akaandika barua gazetini kulalamika. Wakamruhusu. Huyo ndiye alipokuja kuwa tajiri akatoa fedha za kujenga maktaba 2,509 duniani. Nikiisoma ile hadithi naona dola 2, naona andazi. Najiuliza dirishani pale walibaki wangapi wasiojua kuandika barua gazetini.

Simsifii kupita kiasi. 1892 kwenye kiwanda chake cha Homestead wafanyakazi waligoma, kukawa na mapigano na watu wakafa. Wapo waliosema heri angetuongeza mshahara tukajinunulia vitabu wenyewe. Hoja yao ninaielewa. Lakini alikuwa na sharti moja la akili: mji unaotaka jengo utoe kiwanja, na uahidi kila mwaka kutenga asilimia 10 ya gharama ya jengo kuliendesha. Alijua kukata utepe ni rahisi, kazi iko mwaka wa pili.

Waingereza walipata sheria yao 1850. Hii huwa nawachekesha nayo kidato cha tano. Bunge liligombana, wengine wakisema mfanyakazi akisoma atajiona. Mwishowe wakaruhusu mji wenye watu 10,000 na zaidi utoze nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya majengo, tena theluthi mbili ya walipa kodi wakubali kwanza. Hela ile iliruhusiwa kujenga na kulipa mtumishi. Kununua vitabu hairuhusiwi! Jengo ruksa, vitabu mtajiju. Ikabidi sheria irekebishwe 1855. Wamarekani wa Boston, walioanza 1848, wao walipojenga jengo lao kubwa miaka ya 1890 walichonga kwa mawe juu ya mlango maneno ya kwamba ni bure kwa wote. Mwana wa Isevya, kwetu hapa tukichonga juu ya mlango kwamba hawauzi kitu, binti yako angeingia bila kuuliza.

Na msidhani wakoloni walituletea hayo maandishi. Maktaba ya McMillan pale Nairobi ilifunguliwa 1931, na Mwafrika alikaa nje ya mlango ule mpaka karibu na uhuru. Hapa Tabora Nyerere aliingia sekondari 1937, akawa na vitabu kwa sababu alikuwa ndani ya uzio wa shule. Watoto wa mtaani Ng'ambo, hapahapa Tabora, waliokuwa nje ya uzio walikuwa na mwembe.

Nyarugusu Hadi Leo

Ndugu zangu, yangu fupi. Wazazi wangu walivuka ziwa kutoka Fizi, Kongo, nikiwa mdogo sana, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kutoka nje ya kambi ni kibali. Kitabu hakihitaji kibali.

Kulikuwa na chumba cha vitabu na ndani kamusi ya Kiswahili moja tu, imefungwa kwa waya kwenye mguu wa meza isitoke. Kiswahili chetu cha nyumbani na cha kwenye vitabu vilikuwa havisalimiani. Kwetu mtoto anaenda "ku masomo", huku anaenda shule. Nilikuwa naogopa kuchekwa, kwa hiyo maneno yangu nilikuwa nayauliza kwa kamusi, yenyewe haicheki. Ilibidi nipige magoti chini kwa sababu waya ulikuwa mfupi, haufiki juu ya meza. Nilisoma mpaka herufi M nikiwa nimepiga magoti, ndipo mtu mmoja akaja na koleo akaongeza waya.

Jina la huyo mtu sikuwahi kulijua.

Mgebuka Mkavu

Huyo alikuwa fundi. Nimemtambua.

Mtoto wa Gongoni

Mimi nilifukuzwa kwa kula embe. Sina cha kuongeza, embe lilikuwa tamu.

Mama Kadi

Ni wewe uliyeacha kokwa ndani ya ensaiklopidia?

Mtoto wa Gongoni

Mama, mikoa mitatu uliyofanya kazi ni ipi?

Mwana wa Isevya

Wakuu, mrejesho.

Leo Jumamosi nimempeleka. Nimemwambia kama Mama Kadi alivyosema, kwamba ameshalipa kwenye sukari. Akataka kujua sukari ya nani, maana chai yake mimi namwekea kijiko kimoja na ya kwangu viwili, kwa hiyo mimi nimelipia zaidi? Nikasema ndiyo. Akasema basi wewe kaa kiti kikubwa.

Tumeingia saa tatu. Amezunguka rafu za watoto kwanza, hagusi, mikono nyuma, kama watu wanavyotembea dukani wakiwa hawana hela. Mhudumu akamwambia shika. Akanitazama mimi. Nikamwitikia kwa kichwa. Akachukua kimoja cha wanyama, akakaa, baada ya ukurasa wa pili akanisahau kabisa. Mimi sikubeba kitu cha kusoma, nikapewa gazeti la wiki mbili nyuma, nikasoma mpaka matangazo ya vifo na ya viwanja. Saa sita nikamwambia twende, akasema "subiri" bila kuinua uso. Nimesubiri.

Mzee Reli ya Kati, njiani aliniuliza kamba ya katani ni nini, maana nilimsimulia mama yako. Nimetafuta dukani Gongoni nimekosa, kuna za nailoni tu.

Reli ya Kati

Njoo nyumbani. Ninayo moja, ile ya mama. Mkaitazame, mniachie.

Mgebuka Mkavu

Wakati mko hapo mimi nina shida ya kazi. Kuna yeyote anayejua kitabu cha Kiswahili cha injini za boti za mipigo minne, hizi ambazo petroli haichanganywi na oili? Zimejaa ziwani sasa hivi, na nina vijana wawili gereji, Kiingereza chao ni kama changu cha zamani. Hata chenye michoro tu. Mama Kadi, kama kuna mtu unamfahamu.